MREJESHO: Shemeji anayesema Biblia imechakachuliwa

Wapendwa, niliomba ushauri wa kumjibu shemeji yangu hapa Moshi, anayedai Biblia imeharibika kwa kunakiliwa. Asanteni sana. Jumapili baada ya ibada, tukinywa mtori, nilimweleza kuhusu magombo ya Qumran, yaani nakala za kale za maandiko zilizoanza kupatikana 1947 mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi. Gombo la Isaya lina zaidi ya miaka 2,000, na linalingana kwa sehemu kubwa na nakala za Kiebrania za miaka elfu moja baadaye. Tofauti zipo, nyingi za tahajia. Sikumficha, na hapo ndipo alipoanza kunisikiliza.

Akasema, "Sawa, lakini kunakili vizuri hakuthibitishi kwamba Yesu alifufuka."

Kweli kabisa. Nikamfungulia 1 Wakorintho 15, Paulo anapotaja mashahidi, wengi wao wakiwa bado hai alipoandika. Hajaamini. Ila ameomba tusome Luka pamoja Alhamisi. Mniombee.