Mjamzito anameza dawa ya damu kila siku, mwezi umepita na Hb (kipimo cha wingi wa damu) haijapanda. Tuanzie wapi?

Mhudumu wa Kata
Habari zenu wakuu, hasa mlio famasia, maabara na wodi ya wazazi.

Kuna mama ninayemfuatilia nyumbani, mimba ya tatu, wiki 26. Mwezi uliopita kliniki walimpima Hb ikawa 8.8, wakamwandikia FEFO (kidonge chenye chuma na asidi ya foliki) kimoja mara mbili kwa siku. Juzi kapimwa tena: 9.0. Nimehesabu vidonge vilivyobaki, na kweli anameza. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu.

Nilichokiona nyumbani kwake ni hiki. FEFO za kliniki ziliisha baada ya wiki moja, akanunua duka la dawa pakiti iliyoandikwa ferasi glukoneti mg 300, pamoja na vidonge vidogo vya njano vya asidi ya foliki mg 5. Anameza viwili vya chuma kwa pamoja asubuhi na chai ya maziwa, maana tumbo tupu linamchafua. Kiungulia kikimbana anatafuna magnesiamu. Choo kimekuwa cheusi, na mama mkwe anamwambia dawa inamuunguza ndani, aache. Kwenye kadi sioni palipoandikwa dawa ya minyoo. Wiki ijayo ana miadi ya kumeza SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito.

Maswali: mg 300 si nyingi kuliko mg 200 za kliniki? Kwa nini damu haipandi? Na akifika kiwango kizuri, aache lini?

Dirisha la Dawa
Dada, asante kwa kuandika kila kitu, umetupunguzia kazi. Tuanze na namba za kwenye pakiti, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotea.

Namba kubwa ya kwenye pakiti ni uzito wa chumvi yote, yaani chuma pamoja na kile kilichounganishwa nacho. Chuma chenyewe ni sehemu tu ya huo uzito, na kila chumvi ina sehemu yake. Ferasi salfeti kavu ya mg 200 ina chuma mg 65. Ferasi fumareti mg 200 nayo ina mg 65 hivi. Ferasi glukoneti mg 300 ina mg 35 tu. Kwa hiyo kidonge chenye namba kubwa zaidi ndicho chenye chuma kidogo kuliko vyote.

Sasa piga hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unampa mjamzito asiye na upungufu wa damu chuma mg 30 hadi 60 na asidi ya foliki mg 0.4 kila siku. Mwenye upungufu anapandishwa hadi chuma mg 120 kwa siku mpaka Hb irudi kawaida, kisha anarudi kwenye dozi ya kila siku. FEFO mbili za kliniki, kila moja na chuma mg 60 hivi, zilikuwa zinampa hizo 120. Glukoneti mbili zinampa 70. Wiki tatu nzima amekuwa kwenye zaidi kidogo ya nusu ya dozi, na hata hiyo nusu haijaingia mwilini yote, nitaeleza.

Chuma cha kidonge kinahitaji tindikali ya tumbo ili kiyeyuke na kufyonzwa. Majani ya chai na kahawa yana tanini zinazokishika. Maziwa yana kalsiamu inayoshindana nacho. Magnesiamu ya kutafuna inaua ile tindikali. Huyu mama anakutanisha vyote vitatu ndani ya asubuhi moja.

Mpangie hivi. Kidonge cha kwanza saa nne asubuhi, chai ikiwa imeshapita saa mbili, na maji yaliyokamuliwa nusu limau, au chungwa, au pera. Cha pili saa tatu usiku kabla ya kulala, wakati huo kichefuchefu kinampitia usingizini. Baada ya kumeza asinywe chai wala maziwa kwa saa moja hadi mbili. Magnesiamu ikae mbali kwa saa mbili kila upande. Akishindwa kabisa kumeza tumbo tupu, ameze na chakula kidogo kama ndizi au kiazi. Atapoteza sehemu ya dawa, lakini kidonge kilichomezwa na ndizi ni bora kuliko kilichobaki kwenye pakiti. Akisahau kimoja, asimeze viwili ili kufidia.

Muulize pia dawa nyingine zote anazotumia. Methildopa ya presha ya mimba inafyonzwa vibaya sana ikikutana na chuma, na utashangaa presha inapanda wakati mgonjwa anameza dawa zote. Zitenganishwe angalau saa mbili. Dawa ya tezi ya shingo itenganishwe na chuma kwa muda wa saa nne. Anayetumia ARV zenye dolutegravir azimeze saa mbili kabla ya chuma au saa sita baada yake. Akiona ratiba hiyo ngumu, ameze vyote viwili pamoja na mlo, si tumbo tupu.

Tembo Mweupe
Nyongeza kidogo. Tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba ukimeza chuma mg 60, ini linatoa homoni iitwayo hepsidini inayofunga mlango wa utumbo kwa karibu saa 24. Dozi inayofuata ndani ya muda huo inafyonzwa kidogo. Je, si afadhali ameze siku moja na kuruka moja?

Dirisha la Dawa
Ndugu, hoja ya hepsidini ni ya kweli, na kwa mwanamke asiye mjamzito mwenye chuma kidogo, siku moja ndiyo na moja hapana ni njia nzuri, tena inapunguza maumivu ya tumbo. Lakini huyu yuko wiki 26 na Hb 9.0, ana wiki zinazohesabika kabla ya uchungu, na mwongozo wa wajawazito wenye upungufu bado ni kila siku. Hata akifyonza asilimia ndogo ya kila kidonge, jumla ya wiki ni kubwa zaidi. Kuruka siku kusianzie nyumbani, kuamuliwe na anayemtibu.

Kioo cha Maabara
Mimi nitasema ya kipimo, kwa sababu watu wanalinganisha namba zisizolinganishika.

Tofauti ya 8.8 na 9.0 haina maana yoyote. Mashine ileile, mgonjwa yuleyule, dakika kumi baadaye, inaweza kutoa tofauti hiyo. Dawa ikifanya kazi tunategemea Hb ipande gramu 1 au zaidi kwa kila desilita ndani ya wiki nne. Kwa hiyo jibu sahihi ni kwamba hajapanda kabisa.

Angalieni na damu ya kidole inavyochukuliwa. Mkono uwe na joto. Choma pembeni ya ncha ya kidole cha kati au cha pete, futa tone la kwanza kwa pamba kavu, ujaze kuveti (kile kichombo kidogo kinachoingizwa kwenye mashine) kwa tone kubwa linalofuata kwa mkupuo mmoja, bila kiputo cha hewa. Ukikamua kidole kama unakamua chungwa, yanatoka maji ya kwenye nyama pamoja na damu, na Hb inashuka kwenye karatasi wakati mwilini iko palepale. Spiriti isiyokauka inaleta kosa lilelile. Mkebe wa kuveti ukiachwa wazi kwenye unyevu, zinaharibika bila kuonekana kwa macho. Na apimwe kituo kilekile kila mara.

La pili ni chanzo. Vidonge vinajaza, lakini kama ndoo imetoboka? Ndiyo maana neno letu la safura linabeba mambo mawili kwa pamoja, upungufu wa damu na minyoo inayouleta. Minyoo ya safura inang'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu kila siku. Baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba dawa yake inaruhusiwa: albendazoli mg 400 mara moja, au mebendazoli mg 500 mara moja. Aombe wiki ijayo kliniki. Muulize pia kwa upole kama anakula udongo, ule wa pemba unaouzwa sokoni. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya kukosa chuma, na udongo wenyewe unakishika chuma tumboni, basi mtu anazunguka palepale. Usimkaripie, maana ukimkaripia ataficha.

Na selimundu. Kama kwenye ukoo wapo wenye ugonjwa huo na yeye hajawahi kupimwa, apimwe. Mgonjwa wa selimundu damu yake inavunjika, na chuma kinabaki mwilini. Aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kingi kupita kiasi. Huyo hapewi chuma kwa kukisia, anahitaji foliki na daktari wake.

Mkunga wa Zamu
Nawasalimu. Mhudumu, nimesoma kuhusu choo cheusi, naomba umrudie mama mkwe na maelezo haya, kwa sababu wanawake wengi wanaacha dawa hapo.

Chuma ambacho hakikufyonzwa kinatoka na choo na kukipa rangi nyeusi au kijani kilichoiva. Choo hicho ni kigumu au cha kawaida, hakina harufu ngeni. Damu inayovuja tumboni inatoa choo cheusi kinachong'aa, kinachonata kama lami, chenye harufu kali sana. Cha pili ndicho cha kukimbiza hospitali. Kufunga choo kunamsumbua zaidi kuliko rangi: maji ya kutosha, papai, mboga za majani, na kutembea. Asinunue dawa kali za kuharisha.

Sasa hizo njano za mg 5. Hapo kuna tatizo la haraka, kwa sababu ya SP ya wiki ijayo. SP inawaua vijidudu vya malaria kwa kuwakatia foleti, vitamini ileile inayotokana na foliki. Ukimwaga foliki mg 5 kila siku, unawarudishia. Foliki mg 0.4 iliyo ndani ya FEFO haina madhara hayo, ndiyo maana inaendelea kama kawaida. Mpeleke arudishiwe FEFO za kliniki, na azionyeshe zile njano kwa nesi kabla ya kumeza SP. Kama mahali pana mg 5 tu, inasimamishwa wiki mbili baada ya SP. Dozi ya mg 5 ina watu wake: aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa kama valproeti, tena ianze kabla ya kushika mimba, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya wiki nne za kwanza, mama hajajua hata kama ana mimba. Usimwondolee mtu wa namna hiyo bila daktari wake.

Chakula ni muhimu, dagaa, nyama, maharage, kisamvu, lakini kwa Hb 9 hakitoshi peke yake. Rozela, juisi ya rangi nyekundu, soda na nyanya ya kopo: wekundu wa kinywaji si chuma. Maini ale kiasi, si kila siku, kwa sababu yana vitamini A nyingi kwa mjamzito.

Hb ikishuka chini ya 7, au akihema akiwa amekaa, moyo ukimwenda mbio, akizimia au akitokwa damu, ni hospitali siku hiyohiyo. Na kama mwezi ujao baada ya kurekebisha haya yote bado haijapanda, asisubiri wiki ya 36. Kuna chuma cha kuchomwa kwenye mshipa, kinatolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, lakini kinahitaji muda wa kufanya kazi.

Kuacha: Hb ikirudi kawaida anashuka kwenye dozi ya kila siku, haachi. Damu ikijaa, akiba ya mwili bado ni tupu. Anaendelea mpaka ajifungue, na baada ya hapo miezi mitatu hivi.

Dirisha la Dawa
Nimesahau kubwa. Ana watoto wawili nyumbani. Vidonge anavihifadhi wapi?

Mhudumu wa Kata
Kwenye kifuko cha plastiki, juu ya meza ya kitanda. Na alikuwa akimpa yule wa miaka miwili nusu nusu, eti naye kapauka.

Dirisha la Dawa
Leo hii avitoe hapo. FEFO nyingi zimepakwa sukari na rangi nyekundu, mtoto anaona pipi. Mtoto wa kilo 10 akila vinne vya mg 60 amepata mg 24 kwa kila kilo, na sumu inaanza kwenye mg 20. Akila kumi, ni mg 60 kwa kilo, na anaweza kufa.

Kinachodanganya ni mpangilio wa dalili. Kwanza anatapika na kuharisha, pengine na damu. Kisha, kati ya saa 6 na 24 tangu ameze, anatulia, wazazi wanafikiri amepona. Ndipo anaanguka: presha inashuka na ini linaharibika. Kwa hiyo mtoto aliyekula vidonge apelekwe hospitali hata kama anacheza. Asitapishwe kwa kidole, asipotezewe muda kwa maziwa au mafuta, na makaa ya dawa hayashiki chuma. Chukueni pakiti na vidonge vilivyobaki ili daktari ahesabu vilivyoliwa.

Nusu nusu nazo ziishe. Utafiti wa Pemba uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa chuma na foliki kila siku kwenye malaria nyingi walilazwa na kufa zaidi ya wenzao. Chuma cha mtoto kina kipimo chake kwa uzito, kina dawa ya maji yake, na kinaenda pamoja na kinga na tiba ya malaria. Huyo aliyepauka apelekwe apimwe Hb, malaria na minyoo.

Mhudumu wa Kata
Nimeelewa. Kesho nakwenda naye kliniki kubadilisha vidonge, siku ya SP nesi aone zile njano kwanza, aombe albendazoli, na mtoto apimwe. Kuna sanduku lenye kufuli chumbani, vidonge vitahamia humo. Kipimo kijacho cha Hb kiwe lini?

Kioo cha Maabara
Wiki nne kuanzia siku atakayoanza tena FEFO mbili, kituo kilekile. Andika tarehe hiyo kwenye kadi sasa, na aina ya chumvi pia, ili akija mwingine ajue amekuwa anameza nini.