Naomba ushauri: Rust nianze na kitabu, video au mazoezi?

Habari wakuu, mimi naandika programu kwa lugha ya Python mwaka wa 3 sasa, nataka kuingia Rust, lugha nyingine ya programu, ila kuchagua pa kujifunzia kumenichanganya. Kile kitabu cha bure kwenye tovuti yao nimefika sura ya 4, ya umiliki (ownership, yaani kila thamani ina mmiliki mmoja), hapo ndo nimekwama, maana naweka String (maandishi) kwenye variable a, naandika let b = a; nikija kuprinti a kompaila (programu inayokagua na kutafsiri kodi) inagoma, eti thamani imeshahamia b, wakati Python hiyo kitu inapita fresh tu.

Video zinamaliza bando na kichwani hakibaki kitu. Nimeona pia mazoezi ya Rustlings, je niyafanye sambamba na kitabu au nimalize kwanza kusoma? Waliotokea Python nisaidieni jamani, nataka kweli kuijua hii lugha.