Mume yupo misheni Kongo: simu ya kawaida, kifurushi cha nje au WhatsApp, ipi ina nafuu?

MamaWawili_Nkuhungu
Habari za jioni wadau. Mume wangu ni mwanajeshi, yupo mashariki ya Kongo na walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Kambi siitaji, mtanielewa. Wiki ya kwanza niliweka vocha ya 5,000 nikapiga +243 moja kwa moja. Mtoto hajamaliza hata kumsimulia baba yake jino lilivyong'oka, salio limekata. Mama mkwe yupo Mpwapwa, ana kiswaswadu kisicho na WhatsApp, naye anataka kusikia sauti ya mwanawe. Mliopitia haya, naombeni ulinganisho.

Kizota_Juu
Pole dada. Kwanza asitumie laini yake ya Tanzania akiwa kule, maana hata simu anayopokea inaweza kumkata hela. Anunue laini ya huko. Vodacom na Airtel zipo Kongo pia, ila jina lisikudanganye: kupiga kutoka Airtel ya Dodoma kwenda Airtel ya Goma bado ni simu ya nje.

MamaWawili_Nkuhungu
Si Kongo imeshaingia Afrika Mashariki? Nilitegemea bei ishuke.

Kizota_Juu
Imeingia 2022, ndiyo. Lakini uanachama peke yake haupunguzi gharama za simu. Kenya, Uganda na Rwanda walikaa wakakubaliana mwaka 2014 ndipo bei zikashuka baina yao. Ukitaka kifurushi cha nje, soma orodha ya nchi kabla hujajiunga. India na China unaweza kuzikuta humo, Kongo usiione.

Shangazi_AreaC
Mdogo wangu alikuwa Kongo mwaka 2017, kwa hiyo hili nimeishi nalo. Tulichokaa nacho mpaka mwisho ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp kila siku, na simu mara moja kwa wiki. Ujumbe wa dakika moja haufiki hata MB moja, na haulazimishi nyote muwe hewani kwa wakati mmoja. Unarekodi jikoni huku unasonga ugali, yeye anaupata akirudi doria na kushika mtandao. Anaurudia hata mara kumi. Simu ya WhatsApp ni nafuu pia, lakini mtandao wa kule ukiwa dhaifu mtashinda mnaitana "haloo, haloo" na bando linaliwa. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kupunguza data wakati wa simu, washeni wote wawili. Video iwekeni kwa siku maalumu.

Ila dada, salio la simu ya kawaida usiliache kabisa. Habari za shambulio la kambi ya Semuliki zilipotoka Desemba ile, kwamba askari wetu zaidi ya kumi wameuawa, WhatsApp yake ilikuwa tiki moja tangu asubuhi. Nikapiga namba ya kawaida, ikaita. Alisema yeye mzima, ikakatika. Sekunde chache zile zilikula karibu vocha yote na sijawahi kuijutia. Tenga hela hiyo, usiiguse kwa jambo jingine.

Mstaafu_Ihumwa
Shemeji, pangeni saa. Alipo ni saa moja nyuma yetu: saa 3 usiku Dodoma, kwake saa 2. (Walioko Jamhuri ya Afrika ya Kati wako nyuma saa mbili.) Bando nyingi huishia kwenye kutafutana. Na namba ngeni ya nje ikikubipu, usipige, matapeli wanakula salio kwa njia hiyo. Tena kwenye ujumbe wenu msiulizane kesho anaelekea wapi.

Shangazi_AreaC
Kuhusu mama wa Mpwapwa: azima simu ya pili, mpigie kwa dakika za kawaida wakati mume yuko WhatsApp kwenye simu yako. Weka zote spika, uzilaze mezani kichwa kwa miguu, ili spika ya moja iwe jirani na maiki ya nyingine.

MamaWawili_Nkuhungu
Tumejaribu jana saa 3. Simu yangu na ya jirani mezani, watoto kimya. Mama aliongea Kigogo mwanzo mwisho, dakika 11, akaanza na kumuuliza kama anakula. Bando la MB 500 bado lipo. Na habari ya jino imesimuliwa yote.