Toyota 86 au Impreza STI ya GRB: turbo au bila turbo kwa mtu wa Mbeya anayeshuka Dar?

Nyanda_Juu

Wakuu salaam. Nimechuja nimebaki na magari mawili ya spoti, yote gia za mkono, yote ya soko la Japani. La kwanza ni Toyota 86 ya toleo la kwanza: injini FA20, lita 2.0, haina turbo, hp 200. La pili ni Subaru Impreza WRX STI ya GRB (ndiyo kodi ya bodi yake): injini EJ207, lita 2.0 na turbo, hp 308. Naishi Mbeya mjini na Dar nashuka mara kwa mara, kwa hiyo mpando wa Kitonga haukwepeki. Sitaki kuchezea programu ya injini. Gari libaki kama lilivyotoka kiwandani.

Naomba kujua mwinuko wa Mbeya unazipiga vipi injini hizi mbili, petroli yetu inazifaa kiasi gani, na nikienda kukagua gari niangalie nini ambacho dalali hatanionyesha. Tafadhali, anayesema "turbo zinakufa" aseme kinachokufa ni nini na kwa nini.

Presha_Kamili

Mkuu, tuanze na hewa, maana hapo kwako ndiyo inayoamua mengi.

Usawa wa bahari kanieneo ya hewa ni kPa 101 hivi. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, inabaki kPa 82 au 83. Injini isiyo na turbo haina pa kuongezea, inavuta hewa iliyopo. Hewa ikipungua asilimia 18, nguvu nazo zinapungua karibu kiasi hicho hicho. Ubaridi wa huko juu unarudisha kidogo tu. Zile hp 200 za 86 zihesabu kama 165 hadi 170 ukiwa nyumbani, halafu zote zinarudi ukifika Chalinze. Gari lina kilo 1,230 kwa hiyo halitakuwa zito, ila halitakuwa lile unaloliona kwenye video za Japani.

Watu wakifika hapa husema turbo haijali mwinuko. Inajali. Tuseme turbo inasukuma bar 1.2 juu ya hewa ya nje. Dar hiyo ni kama kPa 221 ndani ya manifoldi (bomba la kugawa hewa kwenye silinda), yaani kompresha (upande wa turbo unaosukuma hewa) imeizidisha kanieneo ya hewa mara 2.2. Ukitaka kPa 221 hizo hizo Mbeya, kompresha lazima iizidishe mara 2.7. Ili ifike huko inazunguka kwa kasi zaidi, inapasha hewa joto zaidi, na inaweza kuvuka kasi yake salama. Kompyuta ya Subaru inaisoma kanieneo ya nje na kushusha lengo la presha kadiri unavyopanda. Kwa hiyo STI nayo inapoteza, ila kidogo kuliko 86.

Kinachosahaulika zaidi ni kabla turbo haijaamka. EJ207 ina uwiano wa mgandamizo wa 8.0 kwa 1, ambao ni mdogo. Chini ya RPM 3,000, kwenye foleni ya Mwanjelwa, unaendesha lita 2.0 yenye mgandamizo mdogo, inayopumua asilimia 82 ya hewa, inayovuta kilo 1,480 na magurudumu manne. Tena moshi unaozungusha turbo nao umepungua, kwa hiyo turbo inachelewa kuliko Dar. 86 ina 12.5 kwa 1, na kwenye mwendo wa taratibu mjini inaitikia pedali vizuri zaidi. Juu ya RPM 4,000 hakuna mashindano: STI ina torki ya Nm 422 na 86 ina Nm 205.

Kama kipimo chako ni kulipita lori kwa muda mfupi pale Kitonga panaporuhusu, kwa upande wa hewa jibu ni turbo.

Fundi_Boksa

Hesabu ya hewa iko sawa. Mimi naongezea upande wa chuma, maana muuliza swali kataka kujua kinachokufa.

EJ207 haifi kwa sababu turbo ipo. Inakufa kwa oili, au kwa mafuta kujilipukia ndani ya silinda kabla ya wakati.

Oili kwanza. Injini inachukua lita 4 na kidogo tu, na EJ zenye turbo huila. Ikipungua lita moja, kwenye kona ndefu iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu inanyonya hewa, na beringi za konrodi zinakauka. Hapo ndipo unasikia injini imenoki. Tumia sintetiki 5W-40, badilisha kila km 5,000, na chomoa kijiti cha kupimia kila unapojaza tenki, gari likiwa limesimama mahali tambarare.

Halafu kuna bolti ya banjo. Kwenye mrija wa oili inayoelekea kwenye turbo kuna bolti yenye tundu katikati, na ndani yake kuna kachujio kadogo ka waya. Oili ikikaa muda mrefu inaacha tope, kale kachujio kanaziba, shafti ya turbo inapata mchezo na mapezi yanaanza kusaga nyumba yake. Vumbi hilo la chuma linarudi kwenye oili na kuishia kwenye beringi za krenki. Ndiyo maana mtu anafunga turbo mpya na injini inakufa wiki chache baadaye: hakufungua sampu kuiosha, hakubadilisha kipoza oili, na mirija ya zamani aliirudisha ilivyo. Ukinunua GRB yoyote, siku ya kwanza kagua kachujio hako.

Mafuta kujilipukia. Programu ya EJ207 ya Japani imepangwa kwa petroli ya oktani 100 (oktani ni uwezo wa petroli kutojilipukia), na petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Kompyuta ina sensa ya kusikiliza milipuko hiyo na inarudisha nyuma muda wa cheche ili kujiokoa, ila inajiokoa baada ya kusikia, si kabla. Ikijirudia, kuta nyembamba za pistoni zinazoshika ringi zinapasuka. EJ257 ya lita 2.5 ndiyo yenye sifa mbaya zaidi kwa hilo. EJ207 ina nafuu, lakini haina kinga. Dalili ni moshi wa bluu, oili kupungua haraka, na kompresheni ya silinda moja kuwa chini.

Kupima bila kubahatisha: waya wa Tactrix OpenPort, laptop, na programu ya bure ya RomRaider. Angalia namba inayoitwa IAM. Ikiwa 1.0, kompyuta inaiamini petroli. Ikiwa chini ya hapo, huenda injini imekuwa ikijilipukia na kompyuta imepunguza makali. Kisha weka gia ya tatu, RPM 2,500 hadi 6,000, pedali hadi mwisho, barabara tupu, na uangalie namba ya marekebisho ya papo kwa papo ya muda wa cheche. Sifuri ni salama. -1.4 mara moja si kitu. -2.8 na kushuka, ikijirudia kwenye RPM zile zile, acha kukanyaga na utafute chanzo. Muuzaji akikataa usichomeke waya, hilo ni jibu tosha.

Jambo la nne linadanganya mafundi wengi wazuri: uvujaji wa hewa. Hewa ikivuja baada ya turbo, sensa ya hewa imeshaihesabu, petroli imeshapimwa kwa hesabu hiyo, lakini hewa haifiki. Matokeo ni moshi mweusi na ulaji mkubwa wa mafuta. Bomba likipasuka kati ya sensa na turbo ni kinyume chake: hewa isiyohesabiwa inaingia, mchanganyiko unapungukiwa petroli, joto linapanda, na hapo ndipo pistoni zinatoboka. Bomba hilo la mpira liko chini ya intakula (kipoza hewa ya turbo) na huwezi kuliona ukifungua boneti. Mwambie fundi aingize hewa ya bar 1 kwa kompresha ya gereji na asikilize. Na ile vali ya kupumulia nje yenye mlio wa "psshh" iondoe, rudisha ya kiwandani inayoirudisha hewa ndani, kwa sababu hiyo hiyo ya hewa iliyokwisha kuhesabiwa.

Taimingi belti ni km 100,000, pamoja na puli, tensheni na pampu ya maji. Ikikatika, vali zinakutana na pistoni.

Gia_Ya_Tatu

Ngoja niitetee 86, maana imeachwa peke yake.

Swali la nguvu limeshajibiwa, na ni kweli Mbeya inaiumiza. Lakini muuliza swali amesema hatagusa programu. EJ207 iliyoachwa na programu ya oktani 100 kwenye petroli yetu inamtaka mmiliki awe mlinzi muda wote. 86 nayo Japani inapewa petroli ya daraja la juu, ila hewa nyepesi ya Mbeya inaipunguzia mzigo: hewa kidogo ndani ya silinda, presha ndogo, mafuta hayajilipukii kirahisi. Hatari yake iko Dar, joto la nyuzi 32, hewa nzito, mgandamizo wa 12.5. Huko ukikanyaga sana kwenye gia ya juu na RPM ya chini ndipo inaanza kulalamika. Shusha gia. Jaza petroli ya oktani kubwa zaidi utakayoipata Dar, ya kuendea na ya kurudia.

Mambo ya kujua kabla ya kulipa. Kati ya RPM 3,500 na 4,500 torki inapungua kidogo. Ndivyo ilivyoundwa, wala si ugonjwa. Kwenye kupita lori usingoje gia ya nne ijikongoje kupita hapo. Rudi ya tatu, au ya pili kama mwendo unaruhusu, na ushikilie RPM 5,000 hadi 7,000. Injini hii ilitengenezwa kuishi huko, na kelele yake isikutie hofu.

Ukisikia mlio mwembamba wa "chi-chi-chi" kutoka upande wa pampu ya petroli ya presha kubwa, ni kawaida ya FA20. Mlio mzito unaofuata mizunguko ya injini si kawaida.

Magari ya 2012 na 2013 yaliitwa yarudi gereji na watengenezaji mwaka 2018 kwa ajili ya springi za vali. Kazi ile inahitaji injini ishushwe na kufungwa upya kwa gundi ya silikoni. Gundi ikipakwa kupita kiasi, vipande vinadondoka kwenye sampu na kuziba mdomo wa pampu ya oili. Kwa hiyo ulizia namba ya chesisi ilifanyiwa kazi hiyo au la, na kama ilifanyika, fungua sampu uangalie kabla ya safari ndefu. Kama bajeti inafika, chukua ya mwisho wa 2016 kuja juu: ya gia za mkono ina hp 207, Nm 212 na difu fupi zaidi, na ufupi huo wa difu utausikia hapo kwako kuliko zile hp 7.

Oili ni lita 5.4, 0W-20 kwa kitabu. Upoozaji wa oili wa kiwandani hautoshi kwa mpando mrefu wenye RPM kubwa. Kama utapanda Kitonga kwa nguvu, funga geji ya joto la oili. Ikipita nyuzi 120, punguza mguu. Ina cheni badala ya belti, na sindano zake za petroli ni za aina mbili, ndani ya silinda na kwenye njia ya hewa, kwa hiyo vali hazijai masizi kama kwenye injini zenye sindano za ndani peke yake. Plagi ziko ubavuni, zimebanana na fremu. Fundi asiye na stepu ndefu yenye kiungo atazivunja.

Viwanda vingi viliiacha njia hii: BMW M3 ilitoka kwenye V8 ya lita 4.0 isiyo na turbo, ikaingia turbo 2014. Honda Civic Type R ikafuata 2015. Waliifuata torki ya chini na namba nzuri za majaribio ya moshi. Mguu wako na injini kuwa kitu kimoja, bila kusubiri, ndicho kilichopotea, na 86 bado inacho.

Nyanda_Juu

Asanteni sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichotarajia. Moja la nyongeza: nikichukua 86 halafu baadaye nifunge kiti ya turbo (seti ya vifaa vya kuiongezea turbo) kufidia mwinuko, ni akili? Na kompresheni nikiipima Mbeya, namba za kitabu ndizo nitumie?

Presha_Kamili

Kufidia mwinuko peke yake kunahitaji presha ndogo kuliko unavyodhani. Tofauti ya kPa 101 na 82 ni kPa 19, yaani bar 0.19 tu, na 86 ya Mbeya inapumua kama iko Bagamoyo. Shida ni kwamba ukishuka nayo Dar, hiyo 0.19 inakuwa nyongeza halisi juu ya mgandamizo wa 12.5, kwenye joto. Na hakuna kiti ya turbo inayokwepa programu: sindano, muda wa cheche na mipaka yote lazima ipangwe upya, jambo ambalo umesema hulitaki. Konrodi za FA20 ndizo kiungo dhaifu. Torki kubwa ya ghafla kwenye RPM za chini inazipinda kabla pistoni hazijalalamika. Ukitaka turbo, nunua gari lililozaliwa nalo.

Fundi_Boksa

Kompresheni: usitumie namba za kitabu hapo kwako. Geji inasoma kile injini ilichovuta, na Mbeya inavuta pungufu, kwa hiyo injini nzima na yenye afya itaonyesha chini kwa karibu ile asilimia 18. Wapo waliokataa magari mazuri kwa sababu hiyo. Linganisha silinda kwa silinda. Injini iwe na joto la kazi, plagi zote nne nje, fyuzi ya pampu ya petroli nje, pedali hadi mwisho, betri imejaa, zungusha hadi sindano ya geji isimame. Tofauti kati ya kubwa na ndogo ikizidi asilimia 10, weka kijiko kimoja cha oili kwenye silinda iliyo chini na upime tena. Boksa (injini ya aina hii) silinda zake zimelala, kwa hiyo izungushe mara kadhaa oili ienee kwanza. Namba ikipanda, tatizo ni ringi au ukuta wa pistoni. Ikibaki pale pale, ni vali au gasketi.

Kwa GRB malizia na kipimo cha uvujaji: chini ya asilimia 10 ni nzuri, juu ya 20 usinunue hata bei ikishushwa. Hewa ikitokea kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Ikitoa mapovu kwenye rejeta, ni gasketi ya hedi.

Kwa masharti uliyoweka, bila kugusa programu, mimi ningekupeleka kwenye 86 ya 2016 kuja juu. Ukibadili nia na kukubali GRB ipangwe kwa petroli yetu na mtu mwenye vipimo, nitabadili jibu. Ukipata gari, weka hapa namba za silinda zote nne, na kama ni STI weka na IAM iliyosomwa Dar, siyo ya Mbeya.