Hali ya hewa ya Novemba katika msimu wa kuwinda kulungu Minnesota

Swali: Ndugu zangu, wenzangu kazini hapa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, wamenialika kuwinda kulungu mwanzoni mwa Novemba. Jana nilitoka na shati jepesi tu, nao wakasisitiza ninunue koti zito. Je, kihistoria hali hubadilika kiasi hicho?

Jibu la kwanza: Hubadilika, ndugu yangu, tena kwa saa chache. Tarehe 11 Novemba 1940 kulipambazuka na joto lisilo la kawaida, hata wawindaji wengi wa bata wakaenda kwenye visiwa vya Mto Mississippi wakiwa na mavazi mepesi; kisha upepo mkali ukaleta mvua, na mvua ikageuka theluji. Watu zaidi ya 140 walifariki katika eneo la kati la Marekani, na inaniuma kwamba baadhi yao walikuwa wawindaji wasio na mavazi mazito.

Jibu la pili: Mwaka 1991, dhoruba iliyoanza tarehe 31 Oktoba iliangusha theluji ya takriban sentimita 94 mjini Duluth, hapa Minnesota. Mimi hukaa juu ya mti kwa muda wa saa nne bila kusogea nikivizia kulungu, na fulana ya pamba ikishalowa jasho la kutembea hadi hapo, baridi hupenya hadi mifupani. Vaa sufu, kaka, na ubebe soksi kavu.