Tupeane uzoefu: kukimbia na mbwa wa ndugu yako mwenye nguvu zisizokwisha

#1 (mleta mada)

Habari za saa hizi wadau. Kaka yangu mkubwa amesafiri kikazi kwa wiki tatu, ameniachia mbwa wake. Anaitwa Radi, dume wa miaka miwili, mchanganyiko wa German Shepherd, na jina limemkaa sawasawa. Maagizo ya kaka yalikuwa machache: chakula mara mbili, maji muda wote, na "kila asubuhi lazima akimbie, la sivyo nyumba haitakalika."

Mimi hukimbia kilomita tano mara tatu kwa wiki, nikaona hilo halinishindi. Asubuhi ya kwanza nilizungusha kamba mara mbili kwenye kiganja ili nimdhibiti. Dakika kama kumi tulikwenda vizuri kabisa, kisha akatokea paka. Sikupata hata muda wa kufungua mkono. Nilianguka kifudifudi, kamba ikabana vidole viwili, ngozi ikachunika, na kidole kimoja kilivimba siku nne. Radi alirudi mwenyewe, akasimama juu yangu akininusa shingoni, masikio ameyalaza. Nilipomwona vile hasira zote ziliniisha. Alifanya anachofanya mbwa akiona paka. Mimi ndiye niliyejifunga kwake kabla ya kumjua.

Siku hizi kamba naikunja ndani ya kiganja, siizungushi. Nikifungua vidole, inaachia.

Zimebaki siku kumi na sita na nataka kaka amkute mbwa wake mzima na mwenye furaha. Nyie mliowahi kukimbia na mbwa wa kaka, shemeji, mama mkwe au mtoto wa dada, ilikuwaje?

#2

Pole sana kwa mkono, mkuu. Yangu ni nzito kidogo, lakini nasimulia kwa sababu inaweza kuokoa mbwa wa mtu.

Shemeji yangu, mume wa dada, ana jike mwenye manyoya mengi, aina ya Siberian Husky. Nilikuwa kwao mapumziko ya siku chache, nikamwomba nitoke naye. Tulichelewa kuondoka, mpaka saa nne asubuhi jua lilishakuwa kali. Kilomita tatu za mwanzo alikuwa mbele yangu anavuta, nami nikafurahi kwamba nimepata mwenzangu. Kwenye ya nne akawa sambamba nami. Kwenye ya tano akawa nyuma. Halafu akaenda kivulini akalala, akakataa kuinuka. Nilidhani anadeka. Nikamvuta kamba. Hiyo sekunde ya kumvuta bado inaniuma mpaka leo.

Ulimi ulikuwa mwekundu uliokolea, umetoka nje umepanuka, mate mazito yanavutika kama uzi. Nilipomsimamisha akayumba. Nikampigia shemeji, naye akaniunganisha na daktari wao wa mifugo. Daktari akasema usianze safari ya kuja huku, anza kumpoza hapo hapo: mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni na kwenye mapaja kwa ndani, mpepee, kisha ndiyo umlete. Kwenye nyumba ya jirani walinipa ndoo mbili. Nilimwagia zote. Alipofika kwa daktari joto lake lilikuwa bado zaidi ya 40, wakati mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39 hivi. Aliwekewa maji ya mshipa na akalazwa usiku mmoja. Alipona.

Daktari alinifundisha kitu ambacho sikukijua: mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Vitezi vyake vya jasho viko kwenye nyayo, na kazi kubwa ya kupoza mwili anaifanya kwa kuhema. Hewa ikiwa ya moto na yenye unyevu, kuhema hakumsaidii sana. Na mbwa mwenye hamu ya kukimbia hatakwambia amechoka, atakufuata mpaka aanguke. Kwa hiyo ukiona aliyekuwa anavuta mbele ameanza kubaki nyuma, safari imekwisha. Rudini mkitembea.

Shemeji hakunigombeza hata kidogo. Alikaa sakafuni pale kliniki ameshika mguu wa mbwa wake, kimya. Sasa nikienda kwao natoka naye alfajiri tu, na kabla ya kutoka naweka mgongo wa mkono juu ya lami kwa sekunde saba. Nikishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo haziwezi.

#3

Uliyosema hapo #2 ni kweli tupu. Niongezee kwamba mama mkwe wangu ana pug, na ana nguvu ajabu, anazunguka nyumba nzima kama kimbunga. Niliomba nikimbie naye, mama akanijibu kwa upole, "Mwanangu, huyu pumzi yake ni ya kurukaruka tu." Mbwa wenye pua fupi namna ile njia zao za hewa ni finyu, hawapoi vizuri. Tunatembea naye jioni, taratibu, na anaridhika.

#4

Mimi naomba msaada zaidi kuliko kusimulia. Mbwa wa mjomba anavuta mpaka anakohoa. Kamba iko shingoni. Mjomba ana miaka sabini, magoti hayamruhusu tena, ndiyo maana nimechukua zamu. Nifanyeje?

#5

@#4 hongera kwa kumshika mkono mjomba. Nimepita hapo na mbwa wa baba yangu, kwa hiyo nieleze kwa kirefu.

Kwanza toa kamba shingoni. Tafuta ule mkanda wa mwilini, unaopita kifuani na kufungwa mgongoni, usiobana makwapa. Akivuta, uzito unakwenda kifuani badala ya koo. Kuna mchezo kabisa wa kukimbia na mbwa, kanikrosi, uliotokana na wale wanaofuga mbwa wa kuvuta sleji kwenye theluji. Walihitaji kuwafanyisha mazoezi msimu ambao theluji hakuna. Mkimbiaji huvaa mkanda kiunoni, mbwa huvaa wake mwilini, na katikati kunakuwa na kamba yenye mpira inayovutika ili mshtuko usifike mgongoni mwa yeyote. Mikono yako inabaki huru. Ila usijifunge kiunoni na mbwa ambaye bado anakimbilia kila paka. Mleta mada ameshatuonyesha.

Pili, na hili watu wengi wanaolea mbwa wa ndugu hawaliangalii: muulize mjomba anamwambiaje. Mbwa wa baba alikuwa ananipuuza kabisa, nikaamini ni mkaidi. Nilikuwa namwambia "simama". Siku moja baba akatoka kibarazani, akasema "tulia" kwa sauti ya chini kabisa, na mbwa akaganda. Miaka sita amesikia "tulia". Neno langu kwake lilikuwa kelele tu. Niliandika maneno yote ya baba kwenye karatasi: "tulia" ya kusimama, "kwetu" ya kurudi nyumbani, "pole pole" ya kupunguza mwendo. Ndani ya wiki tukaelewana.

Tatu, akivuta, simama. Usimrudishe kwa nguvu, simama tu kama nguzo mpaka kamba ilegee, ndipo muendelee. Siku za kwanza mtatumia nusu saa kwenda mita mia mbili na utajiona unapoteza muda. Hupotezi. Na dakika kumi za mwanzo mwache anuse anavyotaka, ajisaidie, ndipo mkimbie. Kunusa kunamtuliza kichwa.

La mwisho, usimlishe ndipo mkatoka. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota, na hiyo inaua kwa saa chache. Mimi hulisha baada ya mbio, tena akishatulia.

#6

Mtoto wa dada yangu ana miaka kumi na miwili, alinikabidhi mbwa wake wa miezi saba kwa heshima kubwa, kama amenipa dhamana. "Mjomba, mkimbize mpaka achoke." Nilikuwa karibu kukubali. Bahati nzuri siku ile ile alikuwa na chanjo, na daktari akatuambia mifupa ya mbwa huyo bado inakua, kwenye ncha za mifupa kuna sehemu laini ambazo kwa mbwa wakubwa huchelewa kufunga hadi mwaka mmoja na nusu au zaidi. Mbio ndefu kwenye lami zinaweza kumharibia viungo maisha yake yote. Acheze kwenye nyasi, akichoka alale mwenyewe. Mtoto alisikiliza kwa makini kuliko mimi. Ameweka alama kwenye kalenda ya mwezi ambao tutaanza kukimbia watatu.

#7

Mbona mnajitesa na makamba? Mimi wa shangazi namwachia tu, ananifuata mwenyewe.

#8

@#7 ndugu yangu, nakusihi usiendelee hivyo. Nami wa shangazi nilikuwa namwachia. Mpole, hajawahi kumng'ata mtu. Asubuhi moja alimkimbilia mzee aliyekuwa akitembea na fimbo, akamrukia kwa furaha. Kwa furaha tu. Mzee alianguka akavunjika kifundo cha mkono, na mkwaruzo wa meno ukaonekana karibu na kiwiko. Tuliosha lile jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, tukampeleka hospitali, na swali la kwanza la muuguzi lilikuwa cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Shangazi alikuwa nacho, tarehe haijapita. Bila karatasi ile sijui usiku ule tungelala vipi.

Nilikwenda kwa mzee kila siku kwa wiki sita mpaka bandeji ngumu ilipotolewa. Alinisamehe mapema kuliko nilivyostahili. Lakini shangazi alilia, na mbwa ni wake, na jina lililotajwa mtaani ni lake. Wewe unakimbia na mbwa wa mtu mwingine, pamoja na heshima yake. Mfunge kamba, na uwe na picha ya cheti kwenye simu.

#7

Nimekuelewa #8. Kesho namfunga. Na leo jioni namuuliza shangazi habari za chanjo, kusema kweli sijawahi kumuuliza.

#1 (mleta mada)

Asanteni sana wote. Tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri sasa. Nimempigia kaka nikamuuliza maneno anayotumia, kumbe Radi anaambiwa "taratibu baba", naye anapunguza mwendo pale pale.

Kuna jambo la leo nataka kuwaambia. Nilipolegeza kamba niligundua kwamba Radi anavuta kwenda mahali. Kila njia panda anachagua mwenyewe, bila kusita. Nikaamua kumfuata. Kushoto, kulia, tukapanda kilima kifupi, tukatokea kwenye mti mkubwa wenye gogo chini yake. Akakaa. Nikasubiri, hakuinuka. Alikuwa anatazama gogo, kisha ananitazama mimi.

Niliporudi nikamuuliza kaka kuna nini pale. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Hapo ndipo huwa ninapumzika nampigia mama simu."

Sikujua kama huwa anampigia kila siku. Mimi hupitisha hata wiki mbili.

Kesho nikifika pale nitakaa kwenye gogo. Simu nimeshaiweka chaji.