Kiamunyi imebadilika: tunapimaje watu na kipato?

Mkaazi_Kiamunyi
Salaam. Chama chetu cha wakaazi kinaandaa maoni ya kupeleka kaunti ya Nakuru, kwa ajili ya mpango wa maendeleo wa kaunti utakaofuata ule wa 2023–2027. Tunataka kuonyesha kwa takwimu jinsi huku kando ya barabara ya Kabarak mashamba yalivyogeuka ploti za futi 50 kwa 100, nani wamehamia, na kama kipato kimepanda. Tuanzie wapi?

Mpimaji
Anzeni na mipaka. Sensa ya 2009 ilipangwa kwa wilaya za wakati ule, ya 2019 kwa kaunti na kaunti ndogo, kwa hivyo jina lile lile laweza kuwa eneo jingine kabisa. Shukeni hadi kata ndogo. Kitabu cha Pili cha ripoti ya 2019 kinazo zote, pamoja na kaya na ukubwa wa eneo. Safu ya ukubwa ndiyo ya kutazama kwanza: kata ndogo iliyokuwa na kilomita mraba 12 ikionekana na 7, ilimegwa. Ijumlisheni na kipande kilichotoka, la sivyo mtaandika kwamba watu wamepungua mahali penye ujenzi kila wiki.

Kisha gawanyeni idadi ya 2019 kwa ya 2009, tafuteni kipeuo cha kumi cha jibu (namba ambayo ikizidishwa yenyewe mara kumi inatoa jibu hilo), mtoe 1. Kwa mfano, kutoka 4,000 hadi 9,000 ni mara 2.25, yaani asilimia 8.4 kwa mwaka. Rudieni hesabu hiyo kwa kaya. Kitaifa, wastani ulishuka kutoka watu 4.4 kwa kaya mwaka 2009 hadi 3.9 mwaka 2019. Kwenu ukiwa umeshuka zaidi ya hapo, huenda bedsita zimeongezeka.

Kaya_na_Hesabu
Kuhusu kipato: sensa haiulizi mshahara. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2015/16 uliuliza matumizi, ila sampuli yake inatosha kusemea kaunti nzima tu, msiishushe hadi mtaani. Kitabu cha Nne cha sensa kina dalili: kuta, maji, choo, nishati ya kupikia, gari. Chagueni zile ambazo bado zinatenganisha watu. Paa la mabati halisemi kitu, karibu kila mtu analo. Gesi inasema, lakini kwa tahadhari: VAT iliondolewa kwenye gesi mwaka 2016, kwa hivyo baadhi ya waliohama makaa walivutwa na bei, si kwa sababu mfuko ulinenepa.

Kodi za nyumba za zamani zigeuzeni kwanza kuwa shilingi za leo kwa faharasa ya bei (kipimo cha jinsi bei za vitu zinavyopanda) ya KNBS, shirika la takwimu la taifa. Kodi iliyopanda kutoka 5,000 hadi 8,000 wakati bei za vitu zimepanda mara mbili, kwa kweli imeshuka.

Mkaazi_Kiamunyi
Asanteni sana. Na wenyeji wa zamani? Wengi wanauliza mbona wao hawaoni huo utajiri.

Mpimaji
Swali hilo ndilo zito kuliko yote, na wastani hauwezi kulijibu. Aliyeuza nusu eka akabaki na ploti moja anaweza kuwa na ardhi ya thamani kubwa na asiwe na hela ya karo. Dalili zikipanda, huenda hali yake haikusogea hata kidogo. Jirani mpya mwenye gari ndiye aliyeingia kwenye hesabu. Fanyeni dodoso lenu na mtenge makundi matatu: mwenyeji wa kabla ya 2009, aliyenunua na kujenga baadaye, na mpangaji.

Kaya_na_Hesabu
Kwenye dodoso hilo, hesabuni milango, si mageti. Geti moja laweza kuwa na kaya 16, na ukihoji kaya moja tu kwa kila geti wapangaji watapotea. Orodhesheni milango yote, chagueni wa kwanza kwa kura, kisha kila wa kumi. Kaya 100 zikichaguliwa hivyo zina kosa la takriban asilimia 10 juu au chini. 400 hulipunguza hadi 5. Ila mkigawa makundi matatu, kila kundi lina kosa lake kubwa zaidi, kwa hivyo msipungue 300. Nendeni jioni na Jumamosi. Asubuhi ya kazini mtakuta wazee na yaya pekee. Ulizeni mwaka wa kuhamia, vyumba, watu waliolala jana, na kodi kwa viwango (chini ya 5,000, 5,000 hadi 9,999, na kuendelea). Majina na namba za simu msiandike.